Kujaribu vipengele vijavyo vya Roblox Studio bila kuvunja gemu inayochezwa

Kila wiki Roblox hutoa toleo jipya la injini na la Studio, pamoja na orodha ya mabadiliko. Ukiwasha kila kipya unachokiona, gemu yako itayumba. Ukipuuza yote, siku moja skripti zitakwama na hutajua kwa nini. Kazi yenyewe si kubwa: jua kipengele kimefika hatua gani, kijaribu mahali ambapo data ya wachezaji haiguswi, kisha kipeleke kwa wachezaji wachache huku swichi ya kukizima ikiwa mkononi mwako.

Soma hatua kabla ya kusoma sifa zake

Kwenye orodha ya mabadiliko ya kila wiki, kila kipengee kina alama ya Pending au Live. Pending maana yake msimbo umo ndani ya toleo lakini haujawashwa. Usiandike skripti inayoutegemea, hata kama maelezo yake yanavutia, kwa sababu unaweza kubaki hivyo kwa muda au kuondolewa kabisa.

Hatua inayofuata kwa vipengele vingi ni beta ya Studio. Fungua menyu ya File, chagua Beta Features, weka tiki, hifadhi, kisha funga Studio na uifungue upya. Bila kuifungua upya hakuna kitakachobadilika, na hapo ndipo wengi hudhani kipengele ni kibovu. Elewa pia kwamba tiki hiyo ni ya Studio iliyo kwenye kompyuta yako. Mwenzako mnayejenga naye hana budi kuiwasha kwake, na beta nyingi hazifanyi kazi kwa wachezaji hata ukichapisha gemu. Soma tangazo la beta husika uone kama linaruhusu kuchapisha. Lisiposema wazi, chukulia kwamba haliruhusu.

Mabadiliko mengine huja kama sifa ya Workspace (kitu kinachobeba ulimwengu wa gemu) yenye chaguo la Default pamoja na tabia ya zamani na mpya. Mfano mzuri ni SignalBehavior, inayoamua ni lini kazi (function) zilizounganishwa na tukio zinaitwa. Kwa kawaida mabadiliko ya aina hii hupita awamu tatu: kwanza unachagua kuingia, kisha Default inageuka kuwa tabia mpya na ni juu yako kuchagua kutoka, mwishowe tabia ya zamani inafutwa. Ukiacha sifa kwenye Default, Roblox ndiyo inayokuamulia siku ya kuhama. Weka thamani wewe mwenyewe, ili siku gemu inapohama iwe siku uliyojiandaa.

Awamu ya tatu haina huruma. Mwaka 2018 FilteringEnabled, kinga inayozuia mabadiliko ya kifaa cha mchezaji yasifike kwenye seva, ililazimishwa kwa gemu zote, na zile zilizoacha kifaa cha mchezaji kibadilishe ulimwengu moja kwa moja ziliacha kufanya kazi. Machi 2022 sauti za watumiaji zenye urefu wa zaidi ya sekunde 6 zilifanywa za faragha, gemu nyingi zikanyamaza. Mwaka 2025 mfumo wa zamani wa gumzo uliondolewa, ukaachwa ule mpya, TextChatService. Mara zote tatu mabadiliko yalitangazwa kabla.

Tengeneza gemu ya majaribio iliyo tofauti kabisa

Kosa la kawaida hapa ni kuongeza eneo (place) jipya ndani ya gemu ileile na kuliita la majaribio. Maeneo yote ya gemu moja hutumia hifadhi za data (DataStore) zilezile. Skripti yenye hitilafu ikiandika katika eneo la majaribio, inaandika juu ya data halisi ya wachezaji wako.

Fungua eneo lako, nenda File, chagua kuchapisha kwa jina jingine, kisha unda gemu mpya na uiache ya faragha. Imilikiwe na mmiliki yuleyule, akaunti au kundi. Animesheni huangalia umiliki. Ukiweka nakala kwenye akaunti yako binafsi ilhali gemu ni ya kundi, wahusika watateleza wakiwa wamesimama kama sanamu, nawe utaanza kulilaumu toleo jipya bila sababu.

Gemu mpya ina GameId yake, yaani namba yake ya utambulisho, hifadhi tupu, na haina pasi, beji wala bidhaa za gemu ya awali. Kwa hiyo usitawanye namba za bidhaa ndani ya skripti. Ziweke kwenye ModuleScript moja (skripti ambayo skripti nyingine huisoma), katika jedwali linalochaguliwa kwa game.GameId. Ununuzi unaofanywa ndani ya Studio ni wa majaribio na haukati Robux, pesa za ndani ya Roblox. Ukifungua gemu hiyohiyo kwenye simu, Robux hukatwa kweli.

Kama unahitaji kujaribu kuhifadhi data ukiwa Studio, ruhusa ya Studio kufikia API huwashwa kwenye mipangilio ya gemu, sehemu ya Security. Iwashe kwenye gemu ya majaribio tu. Kwenye gemu halisi iache imezimwa.

Weka swichi

Kila kipengele kipya kipitie swichi inayoanza na sehemu ndogo ya wachezaji:

```
local RunService = game:GetService("RunService")
local Swichi = {}
local asilimia = 5

function Swichi.imewashwa(mchezaji)
	if RunService:IsStudio() then
		return true
	end
	return mchezaji.UserId % 100 < asilimia
end

return Swichi
```

Mstari wa IsStudio una sababu yake. Unapojaribu kwa seva ya ndani yenye wachezaji wa bandia, UserId zao ni -1, -2 na kuendelea. Katika Luau, lugha ya skripti za Roblox, -1 % 100 ni 99, hivyo bila mstari huo wachezaji wa bandia hawataingia kamwe kwenye asilimia 5, na utazunguka ukitafuta hitilafu isiyokuwepo.

Uamuzi ufanywe na seva, kisha seva ikiarifu kifaa cha mchezaji. Ukitaka kubadilisha asilimia bila kuchapisha upya, ihifadhi kwenye hifadhi ya data na kila seva iisome mara moja kwa dakika. Maombi ya kila seva kwa dakika yana kikomo, lakini usomaji huo mmoja hauli kitu.

Kuna vitu ambavyo haviwezi kuwekewa swichi ya mchezaji mmoja mmoja, kama SignalBehavior na StreamingEnabled, ambazo zinaelezwa hapa chini. Hivyo hubadilika kwa eneo zima, kwa hiyo vinahitaji majaribio marefu zaidi.

Mahali mabadiliko mawili makubwa yanapovunja skripti

Chukua SignalBehavior kwanza. Ikiwa Deferred, kazi zilizounganishwa na tukio haziitwi papo hapo. Hupangwa kwenye foleni na kuitwa baadaye kidogo. Jaribu hii, thamani ikiwa IntValue yenye 0:

```
local alama = 0
thamani.Changed:Connect(function(mpya)
	alama = mpya
end)
thamani.Value = 10
print(alama)
```

Kwa Immediate utaona 10. Kwa Deferred utaona 0. Pitia skripti zote ukitafuta mahali unapobadilisha kitu na kutegemea matokeo ya tukio kwenye mstari unaofuata. Rekebisha kwa kuita kazi hiyo moja kwa moja badala ya kusubiri tukio. Usitibu kwa kuongeza task.wait() hapa na pale. Itaficha tatizo kwenye kompyuta yako, kisha lizuke kwenye seva iliyoelemewa.

StreamingEnabled nayo huokoa kumbukumbu ya simu ndogo kwa kuleta tu sehemu za ulimwengu zilizo karibu na mchezaji. LocalScript (skripti inayoendeshwa kwenye kifaa cha mchezaji) yenye workspace.Nyumba.Mlango itakwama ikiwa nyumba haijafika. WaitForChild, inayosubiri kitu kifike, husaidia, lakini nyumba ikiwa mbali itasubiri bila mwisho. Baada ya sekunde 5 utaona onyo la Infinite yield possible. Ipe WaitForChild muda wa kikomo kama hoja ya pili na ushughulikie nil, thamani tupu inayorudi muda ukiisha. Kwa vitu vingi vya aina moja, kama milango au sarafu, viwekee lebo na utumie CollectionService: GetInstanceAddedSignal kitu kinapofika, GetInstanceRemovedSignal kinapoondoka. Sehemu inaweza kuondoka na kurudi mara nyingi, kwa hiyo kata miunganisho ya zamani kila inapoondoka, la sivyo mguso mmoja utahesabiwa mara tatu. Modeli isiyopaswa kukosekana ipe ModelStreamingMode ya Persistent, ila kwa uchache. Ukizipa zote, faida ya kutiririsha imekwisha.

Zana za akili bandia

Msaidizi wa Studio huandika skripti na kupanga vitu, na mfumo wa Cube, ambao Roblox iliutoa wazi Machi 2025, hutengeneza maumbo ya 3D kutokana na maneno. Vinaokoa muda kwa kazi za mwanzo, lakini kagua kila kinachotoka. Kwenye skripti tafuta wait() badala ya task.wait(), Humanoid:LoadAnimation badala ya Animator:LoadAnimation, na BodyVelocity badala ya LinearVelocity. Muhimu zaidi, tazama kila RemoteEvent, njia ya kifaa cha mchezaji na seva kutumiana ujumbe: je, seva inapima kinachotumwa, au inaamini kwamba mchezaji kweli ana sarafu 1,000,000? Skripti inayoonekana nadhifu inaweza kuacha mlango huu wazi.

Kwa maumbo yaliyozalishwa, badilisha CollisionFidelity, sifa ya umbo linalotumika kupima migongano, iwe Box au Hull. Pambo lisilogusika lizimiwe CanCollide, CanTouch na CanQuery.

Kuchapisha na seva za zamani

Kuchapisha hakubadilishi seva zinazoendelea. Wachezaji walio ndani hubaki na msimbo wa zamani mpaka seva yao ifungwe. Kwa hiyo kwa muda fulani msimbo wa zamani na mpya huandika kwenye hifadhi moja. Mchezaji anacheza kwenye seva mpya, anapata kitu kipya, anahamia seva ya zamani, na ile inaandika muundo wa zamani juu yake. Kitu kimepotea.

Kinga ni kuweka namba ya toleo ndani ya data na kuipima kila unapoandika (TOLEO_LANGU ni namba ya muundo ambao msimbo wa seva hiyo unaujua):

```
hifadhi:UpdateAsync(ufunguo, function(zamani)
	if zamani and (zamani.toleo or 0) > TOLEO_LANGU then
		return nil
	end
	return dataMpya
end)
```

Kurudisha nil hughairi uandishi. Chapisha kinga hii kwanza, peke yake, ukaanzishe seva zote upya, kisha ndipo uchapishe muundo mpya. Ukivichapisha pamoja, seva za zamani hazina kinga hiyo na hakuna ulichozuia. Seva zinapoanzishwa upya, BindToClose, inayoita kazi yako seva inapofungwa, hukupa sekunde 30 za kuhifadhi. Hifadhi wachezaji wote kwa pamoja kwa task.spawn, si mmoja baada ya mwingine, na usiache kazi ya BindToClose imalizike kabla uhifadhi wote haujakamilika.

Mambo yakienda vibaya, rudisha toleo la awali la eneo kutoka historia ya matoleo, kisha anzisha seva upya tena. Hilo hurudisha msimbo, si data. Data iliyoharibika hurudishwa kwa ListVersionsAsync na GetVersionAsync, na toleo la zamani hukaa siku 30 tu tangu liandikwe juu yake.

Kabla ya kupandisha asilimia, pima kwenye simu halisi yenye kumbukumbu ndogo. Kiigizaji cha vifaa ndani ya Studio huiga ukubwa wa skrini na mguso. Nguvu bado ni ya kompyuta yako. Ukiwa ndani ya gemu kwenye simu, andika /console kwenye gumzo uone makosa na kumbukumbu inayotumika, cheza dakika 20, uangalie tena kama kumbukumbu inapanda bila kushuka. Ikiwa imetulia, panda kutoka asilimia 5 hadi 25, kisha 100, ukiacha siku chache kila hatua ili ripoti za makosa zipate muda wa kuja. Ikikaa kwenye 100 bila shida, futa swichi na msimbo wa zamani. Njia isiyotumika tena haijaribiwi na mtu, na siku utakayoiwasha kwa dharura utakuta nayo imevunjika.