Kabla ya kuiamini mbolea mpya: namna ya kupanga jaribio shambani

Mkulima akiweka mbolea mpya katika shamba lake lote, kisha akavuna kuliko msimu uliopita, huwa na hakika kwamba mbolea ndiyo iliyofanya kazi. Lakini katika msimu huohuo mvua ilinyesha tofauti, mbegu ilikuwa ya mfuko mwingine na palizi ilifanyika mapema zaidi. Mambo manne yamebadilika kwa pamoja, na mavuno hayawezi kumweleza ni lipi kati ya hayo lililoyaongeza. Hata anayeligawa shamba nusu kwa nusu na kuweka mbolea upande mmoja bado hajatoka kwenye tatizo, hasa shamba likiwa na mteremko, kwa sababu upande wa chini hupokea maji na udongo laini unaoteremshwa kutoka juu, na ungeweza kuzaa zaidi hata bila mbolea yoyote.

Jaribio huanza na swali linaloweza kujibiwa kwa kipimo. Swali la iwapo mbolea fulani ni nzuri halipimiki. Linapimika hili: je, kilo 100 za urea kwa hekta, zikiwekwa mahindi yanapofika magotini, zitaongeza uzito wa punje kavu kuliko mahindi yasiyowekewa urea, mengine yote yakiwa sawa? Jibu unalolitarajia ndilo nadharia tete yako, na lazima liwe jibu ambalo mizani inaweza kulikataa. Mahindi yasiyowekewa urea si hasara, kwani bila hayo hakuna cha kulinganisha.

Jambo ambalo wengi hawaliamini mpaka walione ni kiasi ambacho udongo hutofautiana katika shamba moja. Mwaka 1911 watafiti Mercer na Hall walichapisha nchini Uingereza matokeo ya ekari moja ya ngano iliyotunzwa kwa namna moja kote, kisha ikavunwa katika vipande 500, kila kimoja kikipimwa peke yake. Kila kipande kilikuwa na takriban mita za mraba 8. Kilichozaa kidogo kabisa kilitoa nafaka yenye uzito wa kilo 1.24 hivi, na kilichozaa sana kilitoa kilo 2.34, karibu mara mbili, ilhali hakuna kilichopewa chochote ambacho kingine hakukipata. Anayelinganisha kipande kimoja na kimoja anaweza kuwa anapima tofauti hiyo tu, akaiita mbolea.

Ndiyo maana jaribio hurudiwa ndani ya shamba lenyewe. Tenga maeneo sita, kila moja likikata mteremko ili vipande vyake viwili vikae kwenye kimo kimoja, kisha katika kila eneo rusha sarafu kuamua kipande kipi kitapata urea. Tafadhali usiruke hatua ya sarafu. Mkono wa mtu anayeitakia mema mbolea yake huchagua kipande kizuri bila mwenyewe kujua, na mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeingia katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, mwaka 1919, alionyesha kwamba bahati nasibu ndiyo inayotupa haki ya kukadiria ni mara ngapi matokeo kama yetu yangetokea kwa bahati tu.

Katika kila kipande panda mistari sita ya urefu wa mita 6, nafasi kati ya mistari ikiwa sentimita 75. Usivune yote kwa ajili ya kipimo. Mistari miwili ya pembeni iache, kwa kuwa mizizi yake huenda inakula mbolea ya jirani, na acha pia nusu mita kila mwisho wa mstari. Kinachobaki ni mita 3 kwa 5, yaani mita za mraba 15. Ukitaka kujua mavuno kwa hekta utazidisha uzito huo kwa takriban 667, na hapo ndipo uzito wa umakini unapoonekana, maana kosa la kilo moja kwenye mizani linageuka kuwa kilo 667 kwa hekta. Unyevu nao hudanganya vilevile: kilo 100 za punje zenye unyevu wa asilimia 20 ni sawa na kilo 92 tu zikikaushwa hadi asilimia 13. Kausha mavuno yote kwa kiwango kimoja, yape magunia namba badala ya majina, na anayepima asijue namba ipi ni ya urea.

Kwenye kusoma matokeo, wastani peke yake hautoshi. Tuchukue mfano wa maeneo manne ambamo urea ilizidi kwa kilo 1.5, 0.9, 1.3 na 0.9, wastani wa tofauti ni kilo 1.15. Kwingine tofauti ni 3.1, kisha urea ikashindwa kwa 0.6, ikashinda kwa 2.5, ikashindwa tena kwa 0.4. Wastani ni uleule wa kilo 1.15, lakini ningemshauri mkulima anunue mbolea kwa matokeo ya kwanza, si kwa haya ya pili. Hata hivyo, kama urea haina athari yoyote, bado ingeweza kushinda katika maeneo yote manne kwa bahati tu mara moja katika kila majaribio 16, na katika maeneo yote sita mara moja katika 64. Kwa sababu hiyo nimependekeza sita.

Mifugo ikiingia na kula kipande kimoja, andika siku hiyohiyo kilichotokea na uliondoe eneo lote katika hesabu, vipande vyote viwili. Uamuzi huo ufanyike kabla ya kupima, kwa sababu ukishaona uzito utapata sababu nzuri ya kukiondoa kila kipande usichokipenda.