Fushimi Inari: ingia kwa adabu

Nilipokuwa nasoma Kyoto nilizoea kwenda kwenye hekalu hili la Shinto, dini ya jadi ya Japani, alfajiri, kabla ya umati. Nawe fanya hivyo, halifungwi hata usiku. Kwenye torii (lango) la kwanza inama kidogo, kisha pita pembeni: katikati ya njia ni pa kami, yaani miungu. Penye maji, shika kata, nawa mkono wa kushoto, halafu wa kulia, usukutue kwa maji ya kiganjani. Kata isiguse mdomo kabisa! Mbele ya hekalu tumbukiza sarafu. Mimi hutoa yeni 5, go-en, maana hutamkwa sawa na neno la uhusiano mwema. Inama mara mbili, piga makofi mawili, omba, inama tena.

Mbweha wa mawe ni wajumbe wa Inari, mungu wa mpunga, anayeabudiwa hapa tangu 711. Ukipanda mlima, geuka nyuma: majina ya waliotoa malango yamechorwa upande huo.