Bunduki ya kwanza ya shabaha: nunua, usiunde
Ndugu zangu wa Nachingwea na Liwale mnaotaka kuanza shabaha ya masafa marefu, bunduki ya kwanza nunueni iliyokamilika kiwandani, kwa kibali cha polisi. Kuunganisha mtutu, kitako na kifyatulio kimoja kimoja kunakula pesa kabla hujajua bega lako linapenda nini. (Gobore la mhunzi ni kosa la jinai, tusilihesabu.) Bunduki nzuri ya kiwandani hupiga risasi zikaangukia pamoja, ndani ya sentimita 3 hivi kwa mita 100, anayeanza hafiki hapo. Pesa inayobaki weka kwenye darubini na risasi za mazoezi. Na kaza skrubu za darubini! Nililaumu mtutu wiki nzima, kumbe skrubu moja inazunguka kwa kidole. Mtutu ukichakaa, baada ya maelfu ya risasi, hapo ndipo uagize wa kupimiwa kwa fundi mwenye leseni.