Unampokea mwanafunzi wa kigeni Mwanza? Tumieni simu hivi

Wadau habari, kazi yangu hapa Mwanza ni kuwaunganisha wanafunzi wanaotoka nje na wanafunzi wa hapa, wanakaa kama miezi mitatu afu wanaondoka, na watu wananiuliza naanzia wapi. Basi nafanya hivi.

Hatua ya 1: Anza kabla hajapanda ndege
Fungua kagrupu ka WhatsApp ka watu watatu tu, wewe, mgeni na mwenzie wa hapa. Grupu kubwa halifai, ni stika tu. Siku ya kwanza hakuna kuandika, kila mtu arekodi asubuhi ya kwao. Kijana wetu mmoja alituma jogoo na konda anaita "Buzuruga, Buzuruga!", mgeni akatuma kimya kitupu, mlango ukafungwa, basi. Walivyoanza kuulizana kwa nini kwao kimya hivo, mi nikakaa pembeni.

Hatua ya 2: Aandae simu akiwa bado na Wi-Fi
Apakue ramani ya Mwanza na Kiswahili cha kwenye programu ya kutafsiri, vifanye kazi hata bando likiisha. Laini atasajili akifika, aje na pasipoti.

Hatua ya 3: Saa
Hapa usipite haraka. Kuna binti nilimwandikia "kesho saa mbili asubuhi, tukutane feri ya Kamanga", akaelewa saa nane usiku, akanipigia niko usingizini ananiuliza kama feri ipo kweli muda huo. Tangu hapo kwenye kalenda ya simu tunaandika zote mbili, saa 2 asubuhi na 08:00, na namweleza sababu: sie tunahesabu kuanzia kunapokucha, na huku karibu na ikweta kunakucha karibu muda uleule mwaka mzima.

Hatua ya 4: Neno likimtatiza, aulize mtu
Mfano "pole". Programu inamwambia ni kuomba msamaha, sasa amebeba ndoo kila anayepita anamwambia pole, anajiuliza hawa wote wamenikosea nini? Arekodi swali, atume kwenye grupu, mwenzie amjibu kwa voisi na mifano. Akienda Kisesa au Magu aongeze salamu za Kisukuma, "mwangaluka" ya asubuhi na "mwadila" ya jioni, wazee watafurahi hao!

Hatua ya 5: Mpeleke Igombe, kule ziwani kwa wavuvi wa dagaa
Ila kwanza angalieni mwezi kwenye simu. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikiwa kali wengi hawaingii ziwani, mi nilishapeleka watu sita tukakuta mchanga mtupu. Mkifika, nusu saa ya kwanza simu mfukoni, salimieni, saidieni kugeuza dagaa walioanikwa mchangani. Picha baadaye, kwa ruhusa, na aliyepigwa atumiwe palepale. Mama mmoja alituambia, "Picha zangu mmebeba nyingi, sijaona hata moja." Asiye na smatifoni tunamprintia mjini tunamrudishia.

Hatua ya 6: Voisi ya Jumapili
Dakika mbili, kila mmoja aseme kitu kimoja cha mwenzie kilichomshangaza wiki hiyo. Wageni wanaongea tu, wetu ndo wanaona aibu, wanasema "kila kitu kizuri", wasukume. Jumapili iliyopita mmoja akajikaza akauliza, "Mbona ukitoka tu getini unaziba masikio na vile vispika vyako, salamu zinakuchosha?"

Mgeni kasikiliza mara mbili, hajajibu bado.