Unyoya wa mwewe au wa kunguru?

Ukiokota unyoya mkubwa chini ya mibuyu ya bustani ya Mama Ngina, usikimbilie kusema ni wa mwewe. Mombasa imejaa kunguru, na manyoya yao ni mengi zaidi. Wa kunguru ni mweusi mtupu unaong'aa, hauna mistari. Wa mwewe ni kahawia, na ukiugeuza upande wa chini ukauelekeza juani, mara nyingi utaona mistari hafifu iliyoukata kwa mapana.

Kisha tazama uti wa katikati. Ukiwa umepita karibu na ukingo mmoja, huo ni unyoya wa bawa, wa huko nje kwenye ncha. Ule wa katikati ya mkia uti wake hugawa sawasawa. Kuna alama moja naipenda kuliko zote: manyoya ya mwisho wa bawa la mwewe hupungua upana ghafla kuelekea nchani. Ndiyo yale yanayoachana kama vidole anapoelea juu ya soko la Kongowea.

Kujua ni bawa lipi, laza upande wenye mfereji kwenye uti ukitazama chini, ncha ije kwako. Upande mwembamba wa unyoya ukiwa kushoto, basi ni bawa la kushoto.

Ukingo wa mbele ukiwa na vijinywele laini kama kitana, achana na mwewe, huyo ni bundi.

Piga picha pande zote mbili, weka rula kando, uuache hapo hapo. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inahesabu hata unyoya kuwa nyara, yaani sehemu ya mnyamapori inayolindwa kisheria.