Chipu za karatasi kwa nta ya nyuki: kipimo cha nitraiti bila printa

Karatasi ya kuchujia hunywa maji yenyewe, haihitaji pampu. Ukiiwekea kuta za nta, maji yatakwenda unakotaka wewe. Hilo ndilo wazo lote la chipu za karatasi, ambazo kundi la George Whitesides wa Chuo Kikuu cha Harvard lilizitangaza mwaka 2007. Baadaye maabara nyingi zilichora kuta hizo kwa printa za nta ngumu, ila printa hizo sasa ni adimu. Njia inayoelezwa hapa ni ya kuchovya, na watafiti wa Thailand waliichapisha mwaka 2011. Kipande cha chuma kinafunika sehemu ya karatasi inayotakiwa kubaki safi, sumaku inakibana, kisha vyote vinachovywa kwenye nta ya moto kwa sekunde moja. Mfano wetu ni chipu yenye umbo la Y ya kupima nitraiti (kemikali yenye kikomo kwenye maji ya kunywa) kwenye maji ya kisima.

Vifaa

Tumia karatasi ya Whatman Na. 1, yenye unene wa milimita 0.18. Karatasi ya ofisini haifai, kwa kuwa imetiwa dawa ya kuzuia wino kusambaa na maji hayapiti vizuri ndani yake. Kichujio cha kahawa kinatosha kwa mazoezi tu, kwani unene wake hautabiriki.

Nta ya nyuki inauzwa popote penye wafugaji wa nyuki, Tabora ikiwa mfano mzuri. Ile ya kijijini mara nyingi ina maji na mabaki ya asali. Iyeyushe kwanza juu ya maji ya moto, ichuje kwa kitambaa, iache igande, kisha mwaga maji yaliyobaki chini na ukaushe kipande chote. Usiruke hatua hii. Tone la maji ndani ya nta yenye nyuzi 120 linageuka mvuke papo hapo na kurusha nta usoni.

Kalibu, yaani kile kipande cha chuma cha kufunika karatasi, ikatwe kwenye bati la chuma au kopo la maziwa ya unga linaloshikwa na sumaku. Kopo la soda la alumini halishikwi. Sumaku ya spika mbovu inafaa kuliko zile ndogo zenye nguvu za neodimiamu, kwa sababu nyingi za aina hiyo huanza kudhoofika zikipita nyuzi 80. Ongeza slaidi za kioo za hadubini (milimita 25 kwa 75), koleo, selotepu pana na kipimajoto kinachofika nyuzi 200.

Kalibu

Kata Y yenye shina la milimita 4 kwa 15, matawi mawili ya milimita 3 kwa 8, na duara la milimita 6 mwishoni mwa kila tawi. Fundi mwenye mkasi wa bati na tupa ndogo anaimudu. Kazi ngumu ni kuinyoosha. Mkasi huacha ukingo uliojikunja kidogo, na hapo ndipo nta inapopenya. Weka msasa laini juu ya kioo, sugua kalibu mpaka upande wa chini ung'ae wote bila doa la kivuli. Ukiona doa, bado.

Kwa nini vipimo hivi? Sentimita moja ya mraba ya Whatman Na. 1 hubeba takriban mikrolita 12, hivyo Y nzima inajaa kwa mikrolita 20 hivi. Urefu nao una gharama: mfereji ukirefushwa mara mbili, maji huchukua takriban mara nne ya muda kufika, na njiani yanakauka. Usipite sentimita 3.

Kuchovya

Weka sufuria ndogo ya nta ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga, juu ya jiko la umeme. Maji hayatafaa kupashia, maana hayapiti nyuzi 100, nasi tunataka nyuzi 120 hadi 130. Nta ikianza kutoa moshi, zima jiko. Ikiwaka, funika kwa mfuniko wa chuma. Usimwage maji kamwe.

Panga hivi: slaidi chini, karatasi juu yake, kalibu juu ya karatasi, sumaku nyuma ya slaidi. Shika kwa koleo, ingiza wima, hesabu sekunde moja, toa. Acha nta ya ziada idondoke, subiri igande kabisa, kisha toa sumaku na kuinua kalibu moja kwa moja juu. Ukiiburuza, unapaka nta ndani ya mfereji. Ukiitoa nta ikiwa bado ya moto, inaingia yenyewe.

Inua karatasi kwenye mwanga. Penye nta panapitisha mwanga, mfereji unabaki mweupe. Tia tone la maji yenye rangi ya chakula kwenye shina uangalie. Rangi ikivuja chini ya ukuta, nta haikufika upande wa pili: joto lilikuwa dogo, au kalibu nene imeipoza. Mfereji ukiwa mwembamba au umeziba, ulichelewa kutoa au joto lilizidi. Upande mmoja tu ukiharibika, kalibu haikulala sawasawa. Rudi kwenye msasa. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukianza na joto, kwa sababu muda wa mkono haudhibitiki kirahisi.

Kitendanishi

Hiki ni kimiminika kinachogeuka waridi kikikutana na nitraiti. Kwa mililita 10 za maji yaliyotoneshwa: salfanilamidi gramu 0.086, asidi ya sitriki gramu 0.634, na NED (kemikali inayosaidia kutoa rangi, katika umbo la chumvi ya haidrokloridi) gramu 0.026. Pasha kidogo mpaka viyeyuke. Vaa glavu. Hifadhi kwenye chupa nyeusi ndani ya friji, na mwaga ikigeuka rangi.

Bandika selotepu nyuma ya chipu. Weka mikrolita 2 za kitendanishi kwenye duara moja tu, acha ikauke gizani. Duara la pili linabaki tupu: maji yenye tope yataonyesha rangi yake huko, nawe hutadanganyika. Funika matawi kwa selotepu mbele, ukiacha shina wazi.

Kusoma

Yeyusha gramu 0.150 ya nitraiti ya sodiamu (ni sumu, isikae karibu na chumvi ya jikoni) katika lita moja ya maji yaliyotoneshwa. Hapo una miligramu 100 za nitraiti kwa lita. Zimua upate miligramu 1, 3, 5 na 10 kwa lita. Kiwango cha juu cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni 3. Tia mikrolita 20 kwenye shina la kila chipu, subiri dakika 10, piga picha zote pamoja na chipu ya maji safi, ndani ya boksi lenye taa moja, bila flashi. Waridi hufyonza mwanga wa kijani, hivyo kwenye programu ya picha soma namba ya kijani (kati ya tatu za nyekundu, kijani na buluu). Inashuka nitraiti inapoongezeka.

Maji yenye sabuni yatapenya kuta za nta, kwa hiyo suuza chupa ya sampuli kwa maji yenyewe ya kisima. Na chipu hii haioni nitreti, kemikali nyingine inayotoka kwenye mbolea: maji ya kisima chenye mbolea nyingi yanaweza kuiacha chipu nyeupe kabisa.