Jinsi ya kuchora vipepeo na maua kwa staili ya Tingatinga

Kwanza sahau mambo ya vivuli na umbali, Tingatinga haiendi hivyo. Edward Saidi Tingatinga aliianzisha staili hii ya uchoraji pale Dar mwishoni mwa miaka ya 60 na hadibodi na rangi za kung'aa za kupakia baiskeli, so tafuta rangi ya mafuta, ya maji itakuangusha.

Anza na bekgraundi. Tuseme njano, chini ikolee halafu ukipanda juu unaongeza nyeupe, unagongagonga na sponji kabla haijakauka ili zisionekane zimekatana. Iache ikauke kabisa jamani, ukiwa na haraka kila kitu kinavurugika.

Kipepeo mpe ukubwa, hata akizidi ua poa tu. Jaza mabawa rangi bapa, zungushia mstari mweusi mwembamba, halafu ndo unakuja na madoa kwa ncha ya kijiti, na hapa usiwe bahili maana madoa ndo yanafanya bawa lionekane linatetemeka. Bawa la kushoto na la kulia vifanane.

Sasa maana. Kipepeo alikuwa kiwavi, kwa hiyo watu wengi wanamsoma kama mabadiliko, na wachoraji wa Uholanzi karne ya 17 walimtumia kama roho inayofufuka. Ua nalo linaongea: ukichora asumini mtu wa Pwani anawaza harusi na kikuba, kile kishada cha maua ya kunukia wanachovaa wanawake, moja kwa moja, ukichora ua linalonyauka habari inageuka kabisa. Binafsi naona maana moja kwa picha inatosha, ukirundika inakuwa bango.

Vanishi si lazima, rangi yenyewe inang'aa.